Pinotage ya kuandamana na nyama choma: ipi ununue kwanza

Ukialikwa mahali ambapo mbavu za mbuzi ziko kwenye makaa, tafuta Pinotage. Hii ni zabibu nyekundu ya Afrika Kusini, na mvinyo wake mwekundu huitwa hivyo pia. Profesa Abraham Perold aliipata mjini Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchavusha zabibu mbili, Pinot Noir na Cinsaut. Miche ilikuwa minne tu, na nusura itupwe. Ladha yake ya forosadi, plamu na moshi inapatana na mafuta ya mbuzi aliyechomwa vizuri mno. Lakini Pinotage hazifanani hata kidogo, na mimi nazipanga hivi.

Ya kwanza ni ya Stellenbosch ambayo haikuzidishiwa pipa la mwaloni. Ya shamba la Beyerskloof ndiyo ningeichukua bila kusita. Shamba la Kanonkop, chini ya mlima Simonsberg, wako daraja la juu zaidi: mizabibu yao mingi ni mizee, imeachwa ikue kama vichaka bila waya, na huzaa kidogo ila kwa ladha nzito. Chupa yao ya Pinotage iwekee siku ya ruracio, sherehe ya mahari. Onja funda moja kabla ya kula na utausikia ukakasi ukishika ufizi. Sasa tafuna kipande cha mbavu chenye chumvi na mafuta, kisha unywe tena: ukakasi umelainika na tunda limejitokeza. Hapo ndipo utajua kwa nini naiweka juu.

Ya pili ni ile iliyoandikwa Cape Blend, yaani Pinotage iliyochanganywa na zabibu kama Cabernet Sauvignon na Merlot. Kadette ya Kanonkop ni mfano mzuri. Pilau ya ng'ombe yenye mdalasini na karafuu inaipenda sana, na mgeni asiyeizoea Pinotage hataishtukia.

Ya eneo la Swartland, pia Afrika Kusini, inafuata. Kule ni joto na ukame, kwa hiyo tunda limeiva sana na kileo mara nyingi kinafika asilimia 14. Punguza pilipili kwenye kachumbari, maana pilipili hukifanya kileo kichome koo.

Ya mwisho kwangu ni ile yenye harufu ya kahawa na chokoleti, mtindo ulioanzia shamba la Diemersfontein, Wellington ya Afrika Kusini, mwaka 2001. Haitiwi kahawa, harufu hiyo hutoka kwenye mwaloni uliochomwa sana. Wengi Nairobi wanaipenda, na kwa keki ya chokoleti ni sawa kabisa. Kwa choma inaifunika nyama, na nyama ya Kenyatta Market haistahili kufunikwa.

Tilapia usiipe yoyote kati ya hizi.

Dukani, tazama stempu ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na uikague kwa programu ya Soma Label. Usinunue chupa iliyosimama dirishani ikipigwa jua. Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya mvinyo duni. Na kama unakwepa mvinyo wa sukari, soma lebo vizuri, kwa sababu rafu za mitaani zimejaa mvinyo mwekundu mtamu. Chupa ya Afrika Kusini iliyoandikwa Pinotage peke yake lazima iwe na angalau asilimia 85 ya zabibu hiyo.

Nyumbani iweke kwenye friji nusu saa kabla ya kufungua. Ikitoa harufu kali ya rangi ya kucha, ina kasoro: irudishe ukiwa na risiti.