lasio kwa logi za visima: bure na nyepesi, ila hesabu ni juu yako

Kwa mjiolojia kijana wa Mtwara au Lindi mwenye laptopu ya kawaida, leseni za programu kubwa za kuchambua logi za visima (vipimo vya miamba vinavyorekodiwa kwa kila kina cha kisima) hazishikiki. lasio ni ya bure na inaendeshwa ndani ya Python, lugha ya kuandikia programu. Isakinishe siku mtandao uko vizuri: pip install lasio pandas openpyxl. Baada ya hapo huhitaji bando.

Inasoma mafaili ya LAS (muundo wa kuhifadhia logi za visima), toleo la 1.2 na 2.0, na kuyatoa kwenye Excel. Namba -999.25, yaani "hakuna kipimo", inaiondoa yenyewe. Hapa ndipo wanapoumia wanaofungua faili moja kwa moja kwenye Excel: wastani wa gama (mionzi ya asili ya mwamba) unatoka hasi! Faili la zamani likigoma kwa sababu ya kichwa kibovu (sehemu ya maelezo mwanzoni mwa faili), ongeza ignore_header_errors=True. Kagua pia kina ni mita au futi.

Haina vitufe, haichori, haikokotoi. Ukitafuta nafasi ya vinyweleo (matundu madogo ndani ya mwamba), densiti ya mwamba wenyewe, kwa g/cm³, unaweka mwenyewe, na hapo umakini unahitajika sana. Mnazi Bay, ilikogunduliwa gesi mwaka 1982, gesi imo kwenye mawe ya mchanga: weka 2.65, siyo 2.71 ya chokaa. Kipimo cha densiti kikiwa 2.35 na maji 1.00, ya kwanza inakupa nafasi ya vinyweleo 18%, ya pili 21%. Penye gesi, logi ya densiti huizidisha nafasi hiyo na logi ya nyutroni (inayopima hidrojeni) huipunguza. Mistari hiyo miwili ikipishana, angalia ukinzani wa umeme kabla ya kuandika chochote.