Uzoefu wangu kwa kaunsela hapa Malindi: usiende ukitaka kuambiwa cha kufanya

Niko Maweni. Mwaka jana usingizi ulinikataa, moyo unaenda mbio usiku, tuktuk nikipanda naona kama nazimia, hospitali wamepima wakasema sina kitu. Mamangu akataka nisomewe, nikasomewa na sijaacha, ila shangazi akashikilia niende na kwa kaunsela pia.

Sasa mie nlijua naeleza shida, napewa jibu, naondoka. Wapi! Siku ya kwanza kaniuliza, "Ukipata nafuu, wewe utajuaje?" Tukazungumza weee mpaka tukakubaliana: nilale bila simu mkononi, na nipande tuktuk hadi sokoni peke yangu. Hayo ndo yakawa malengo, na kila nikienda tunapanga kwanza leo tuongee nini. Siri haitoki pale, isipokuwa kama kuna hatari ya mtu kujidhuru au kudhuru mwengine, alinambia mapema. Na mji huu unavyojuana nikamuuliza je tukikutana Shela, akasema hatanisalimia mpaka nianze mie. Hapo nikatulia.

Kuna na homuweki jamani. Daftari, unaandika wazo lililokujia, halafu kilichotokea kweli. Hiyo inaitwa CBT, yaani tiba ya mawazo na mienendo, aliianzisha daktari Mmarekani Aaron Beck miaka ya 1960, mnalichukua wazo lako mnalipima nyote wawili. "Nitazimia." Haya, ushawahi kuzimia? Hata siku moja.

Nilichompendea zaidi ni hiki: alinipa zoezi la kuhesabu pumzi, mie likanizidishia hofu, na kumwambia hapana mtu mzima rika la mamangu ulimi mzito, lakini nikasema. Hakununa. "Afadhali umesema mwanangu, kumbe ungevumilia mpaka lini?" Akaniuliza linanizidishia vipi, tukaliacha, tukaanza safari fupi fupi za tuktuk, kituo kimoja, kisha viwili. Ukimpata anayekasirika ukimpinga, tafuta mwengine. Na uliza kama amesajiliwa, Kenya kuna sheria ya makaunsela na wanasaikolojia tangu 2014.

Ubaya: bei si ya mchezo (alinipunguzia nilipomwambia ukweli), na stima ikikatika kile chumba ni tanuri.

Sokoni sasa naenda. Usingizi bado haujarudi wote, hiyo ndo kazi tunayoendelea nayo.