Kubadilisha chumba kwa mikono yako: kipi ununue kwanza

Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, nunua rangi. Wengi huanza na mito, maua na picha za kutundika, kisha wanashangaa mbona chumba bado kina sura ileile. Macho yakiingia chumbani hukutana na ukuta kabla ya kitu kingine chochote. Ukuta ukiwa umechujuka na una alama za mikono, hakuna pambo litakaloufunika.

1. Rangi

Kwa ukuta chukua rangi ya maji. Isiyong'aa huficha mabonde na viraka, ila za bei ya chini hazipendi kusuguliwa: ukifuta doa, unabaki na baka. Silki, yaani rangi ya maji yenye mng'ao kidogo, hufutika vizuri, lakini mng'ao wake hutangaza kila kasoro ya plasta, hasa mwanga wa dirisha ukipita ubavuni mwa ukuta. Kwa maoni yangu, isiyong'aa ambayo kopo lake linasema inaoshika ndiyo inayofaa sebule na chumba cha kulala, hata kama bei imepanda kidogo. Silki ipeleke kwenye korido na chumba cha watoto. Rangi ya mafuta iachie milango na fremu. Ukutani harufu yake hukaa siku nyingi, na nyeupe yake hugeuka manjano, hasa mahali pasipo na mwanga.

Piga hesabu kabla ya kwenda dukani. Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.5 kina mita za mraba 35 za ukuta. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 31. Kupaka mara mbili ni 62. Lita moja kwa kawaida hufunika mita za mraba 10 hivi kwa mpako mmoja, kwa hiyo lita 7 zinatosha. Ukuta mkavu wenye vinyweleo hunywa zaidi, kwa hiyo anza na praima, yaani rangi ya msingi inayopakwa kwanza. Nunua kiasi chote kwa mkupuo na uhakikishe makopo yote yana namba ileile ya toleo, maana rangi iliyochanganywa siku nyingine inaweza kupishana kidogo na ya kwanza, na tofauti itaonekana katikati ya ukuta.

Usibane fedha kwenye rola. Ile dhaifu huacha nyuzi zinazokaukia ndani ya rangi. Ukipitisha kiganja unazihisi moja moja. Plasta mpya iache ikauke kama wiki 4. Na nyumba ikiwa ya zamani, tafadhali usipige msasa mkavu kwenye rangi ya kale: inaweza kuwa na madini ya risasi (ledi), na vumbi lake ni sumu, kwa watoto hasa.

2. Balbu

Hapa fedha kidogo hufanya kazi kubwa. Soma kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, kwenye boksi: 2700 hadi 3000 ni mwanga wa joto, wa kupumzikia, 4000 unafaa jikoni na mezani pa kazi, 6500 ni mweupe wa kibuluu, na chumbani mwa kulala mimi siutaki kabisa. Wingi wa mwanga upime kwa lumeni, si wati. Ukibadilisha balbu, fanya hivyo kabla ya kuchagua rangi ya ukuta. Paka karatasi kubwa rangi unayoifikiria, ibandike ukutani, uitazame asubuhi na usiku.

3. Pazia

Pima fimbo, usipime dirisha. Fimbo ikae sentimita 15 au zaidi juu ya fremu na ivuke pande zote mbili. Upana wa kitambaa uwe karibu mara mbili ya fimbo, na pindo liguse sakafu. Pazia linaloishia kiunoni mwa ukuta hufupisha chumba.

4. Zulia

Kosa kubwa ni udogo. Miguu ya mbele ya viti ikae juu yake. Chora ukubwa wake sakafuni kwa tepu ya karatasi kabla ya kulipa.

5. Karatasi za ukutani zenye gundi

Nimeziweka mwisho kwa sababu hazivumilii unyevu wala vumbi: pembe huanza kufunuka, kisha kipande kizima. Zinamfaa mpangaji asiyeruhusiwa kupaka rangi, kwa ukuta mmoja mkavu na laini. Bandika kipande kidogo nyuma ya mlango, kiache wiki moja, kisha kibandue taratibu. Kikitoka na rangi ya mwenye nyumba, usinunue.