Uzoefu wangu: balbu za LED na kofia ya dashibodi chini ya jua la Malindi

Kwa miaka minne nimekuwa nikitoka Malindi kwenda kazini Mambrui kwa pikipiki, na kwa muda wote huo taa za dashibodi zilinifaa alfajiri na usiku tu. Nikirudi adhuhuri, taa ya kijani ya indiketa ilikuwa inawaka kweli, lakini macho hayaioni. Pikipiki nyingi tunazoendesha huku haziizimi indiketa zenyewe baada ya kona kama lifanyavyo gari, kwa hivyo anayesahau huendelea kuwadanganya walio nyuma yake. Siku moja nilivuka daraja la Sabaki na kuendelea mbele kilomita kadhaa nikionyesha kwamba nakata kulia, mpaka abiria wa matatu akatoa kichwa dirishani na kunipigia ukelele, "Mwalimu, hiyo taa!"

Mwanzoni nilidhani kwamba balbu imechoka, nikaibadilisha kwa nyingine ya aina ile ile ya wati 3.4, na hali haikubadilika hata kidogo. Malindi iko takriban nyuzi tatu kusini mwa ikweta, na mwezi Machi jua la saa sita na nusu huwa karibu kabisa na utosi, likiiangukia dashibodi kutoka juu. Mwanga huo hukigonga kifuniko cha kijani cha taa na kurudi machoni ukiwa na rangi ile ile ya kijani, kiasi kwamba taa iliyozimwa na taa inayowaka huonekana sawa. Kuvaa helmeti ya kioo cheusi hakusaidii, kwa sababu kioo hicho hupunguza mwanga wa jua na mwanga wa taa kwa pamoja.

Nilinunua balbu tatu ndogo za LED katika duka la spea: moja ya indiketa, moja ya nyutro, yaani ile inayoonyesha kwamba gia haijaingia, na moja ya taa kubwa, ile tunayoiita fuli. Muuzaji alinishauri nichukue nyeupe zote, na hapo ndipo nilipopoteza pesa zangu za kwanza. LED nyeupe nyuma ya kifuniko cha kijani ilitoa kijani kilichopauka, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwanga wake huzuiwa na kifuniko. Nilirudi nikachukua za kijani kwa vifuniko vya kijani na ya buluu kwa fuli, na tofauti ilionekana papo hapo. Fuli ndiyo iliyonufaika zaidi, maana balbu ya uzi, ile ya kawaida niliyoitoa, hutoa mwanga wa manjano ambao una buluu kidogo mno, na hicho kidogo ndicho pekee kilichokuwa kikipita.

Nyutro haikuwaka nilipoiweka, nikaigeuza kwenye holda yake ikawaka, kwa sababu LED ina upande wa chanya na upande wa hasi. Indiketa ndiyo iliyonitoa jasho. Kushoto ilimetameta vizuri, kulia ikawa giza. Nikaigeuza, kulia ikawaka na kushoto ikafa. Fundi wa umeme niliyempelekea alicheka kidogo kabla ya kunieleza: "Hii si balbu ya uzi, mwalimu. Hii ni mlango unaofunguka upande mmoja tu." Pikipiki yangu ni ya mtindo wa zamani, yenye taa moja ya dashibodi inayotumikia pande zote mbili, na taa hiyo haina waya wa bodi, yaani wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha pikipiki. Imeunganishwa baina ya waya wa kushoto na waya wa kulia, hivyo unapoonyesha kushoto umeme huipitia na kwenda kutokea kwenye balbu za kulia, na unapoonyesha kulia hupita kinyumenyume. Uzi haujali njia, LED inajali. Fundi alichukua dayodi mbili za 1N4007, vipande vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, akaunganisha moja na waya wa kushoto na nyingine na waya wa kulia, zote zikaishia kwenye chanya ya LED, kisha hasi akaifunga kwenye bodi. Mwenye pikipiki yenye mishale miwili kwenye dashibodi hatahitaji kazi hii.

Hata hivyo, ningekosea kuzisifu balbu peke yake. Nilipoongeza kofia ya plastiki nyeusi juu ya dashibodi, iliyobana kwa skrubu mbili, ndipo nilipoanza kuiona indiketa kwa kutupa jicho tu bila kuinama. Ilikuja ikiwa inang'aa upande wa ndani na kurudisha jua kwenye vifuniko, nikaisugua kwa msasa mpaka ikafifia. Nikilazimishwa kuchagua kimoja, ningeichagua kofia.

Kofia hiyo ina mipaka yake. Asubuhi ninapokata kuelekea bara, njia ya Marafa, jua huwa nyuma yangu, hunipita begani na kuingia chini ya kofia moja kwa moja, na hapo hubaki nikitegemea balbu tu. Indiketa naiona kwa kukazia macho, fuli siioni. Usiku, kinyume chake, ile buluu ilikuwa inachoma macho hadi nikaifunika kwa tabaka moja la utepe wa karatasi, jambo ambalo limeifanya iwe hafifu zaidi mchana. Nimeikubali hasara hiyo, kwa kuwa fuli huihitaji gizani.

Sasa ni mwezi wa nane tangu nizifunge. Hakuna balbu iliyoungua, ila hewa ya chumvi ya Mambrui imeanza kuzila holda, na nyutro hupepesa kila baada ya wiki chache mpaka niifungue na kuzisugua ncha zake.