Marseille kwa siku tatu: chombo cha kushonwa, kanisa la mabaharia na sahani ya mataba

Nilifika Marseille, mji wa bandari wa Ufaransa, siku ya Jumatatu, mwezi wa Oktoba, nikaenda moja kwa moja hadi Makumbusho ya Historia ya mji, nikakuta mlango umefungwa. Naanza na hilo ili lisikufike na wewe: makumbusho ya manispaa hayafunguliwi Jumatatu. Panga safari yako uanze Jumanne.

Nilikuwa nimetoka Lyon, kwa mdogo wangu anayeishi huko, na treni ya kasi hainyimi mtu usingizi, maana hata saa mbili hazitimii. Kituo cha Saint-Charles kiko juu ya kilima. Ukitoka nje unakutana na ngazi pana ya vidato 104 inayoteremka mjini, na mbele yako, kilima cha pili, limesimama kanisa la Notre-Dame de la Garde na sanamu yake ya Bikira Maria iliyopakwa dhahabu. Usichukue teksi hapo. Teremka kwa miguu, kwa sababu kutoka juu ya ngazi ile unauona mji mzima ulivyokaa, vilima pande zote na bandari katikati.

Watu wa Lyon walinionya sana. Mji mchafu, wezi wengi, usitembee usiku. Uchafu upo, sitausitiri: mitaa ya nyuma ya bandari ina taka ambazo Lyon huzioni. Simu niliiweka ndani ya mkoba wa kifuani kama ninavyofanya sokoni Darajani, kwetu Unguja, na siku tatu zikapita salama.

Jumanne nikarudi makumbusho. Yamo ndani ya jengo la maduka, hatua chache kutoka Bandari ya Kale, na mtu asiyejua atapita mlangoni akidhani ni duka jingine. Mwaka 1967, walipokuwa wakichimba msingi wa maduka hayo, walikuta kuta na gati za bandari ya zamani. Leo magofu hayo yamo kwenye bustani hapo nje, na unaona pale maji ya bahari yalipokuwa yakifika kabla mji haujayasukuma nyuma. Mji huu uliasisiwa na mabaharia wa Kigiriki kutoka Phokaia, kwenye pwani ambayo leo ni Uturuki, kiasi cha mwaka 600 kabla ya Kristo, wakauita Massalia. Hakuna mji mwingine mkubwa Ufaransa wenye umri huo. Maonyesho ya kudumu sikuyalipia hata senti.

Humo ndani ndimo nilimokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote katika safari hii. Kuna mabaki ya vyombo vya Wagiriki wale, vya karne ya 6 kabla ya Kristo, vilivyofukuliwa mwaka 1993 katika uwanja wa Place Jules-Verne, nyuma ya jengo la manispaa. Kimoja ni kikubwa, cha biashara. Cha pili ni kidogo, cha uvuvi wa pwani, na huyu mdogo ndiye aliyenisimamisha. Mbao zake zimeshonwa. Hakuna msumari. Unaona safu ya matundu kwenye ukingo wa kila ubao, mahali uzi wa kitani ulipopita kuushika ubao wa pili.

Mtu wa pwani yetu hawezi kukiona kitu kile akapita. Mitepe, vyombo vya kale vya Lamu na Pate, ilijengwa kwa mawazo hayo hayo, mbao zikishonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi. Mtepe wa mfano nimeujua tangu utotoni, ule uliokuwa ndani ya Beit al-Ajaib pale Forodhani, kabla sehemu ya jengo lile haijaporomoka Desemba 2020. Sidai kwamba Wagiriki na mafundi wa Pate walifundishana. Bahari ni mbili tofauti na karne zimeachana mno. Lakini fundi wa Massalia na fundi wa Pate walikaa mbele ya ubao wakiwa na tatizo lile lile, namna ya kufunga mbao mbili zisipitishe maji wala zisivunjike zikipigwa na wimbi, na wote wawili wakashika uzi. Mlinzi wa chumba alipoona nimekaa pale karibu saa nzima akaja kunionyesha picha ya Gyptis, chombo kilichojengwa upya kwa kufuata mabaki hayo na kuingizwa majini mwaka 2013. Nacho kimeshonwa kwa mkono, na kimesafiri baharini.

Kutoka hapo nilipanda Le Panier, mtaa wa kale wenye vichochoro vyembamba na nguo zimeanikwa madirishani. Ni mzuri, na umejaa maduka ya sabuni. Sabuni ya kweli ya Marseille haina rangi za kupendeza wala harufu ya maua. Ni mche mzito wa kijani au rangi ya krimu, umepigwa muhuri wa asilimia 72 ya mafuta. Nunua huo, hizo nyingine ni mapambo.

Ukiteremka kuelekea majini, vichochoro vinakatika ghafla, yanaanza majengo marefu yaliyopangwa kwa mstari. Hii si kazi ya mipango miji. Januari 1943 Wajerumani, wakisaidiwa na polisi wa serikali ya Vichy, yaani serikali ya Wafaransa walioshirikiana nao, waliwatoa watu wapatao 20,000 majumbani mwao, kisha wakalipua majengo karibu 1,500 kwa baruti. Wayahudi waliokamatwa siku zile walipelekwa kwenye kambi za mauaji. Jengo la manispaa la karne ya 17 liliachwa, na nyumba chache kando yake. Nilikuwa nimepita hapo asubuhi nikila andazi bila kujua. Jioni nilirudi nikapita tena polepole, na ningependa kila mgeni asome habari hiyo kabla ya kupiga picha pale.

Kanisa la juu ya kilima utalifikia kwa basi namba 60 kutoka bandarini, na kama magoti yako si mazima basi hilo usilikose. Lilitabarukiwa mwaka 1864. Wenyeji wanaiita sanamu ile Mama Mwema, wawe Wakristo au la. Mimi ni Mwislamu na sikujua nitajisikiaje humo, lakini juu ya vichwa vya watu zinaning'inia jahazi ndogo ndogo za mbao, na ukutani kuna mabamba ya shukrani ya familia ambazo watu wao walirudi salama kutoka baharini. Dua ya mtu anayemsubiri baharia naifahamu. Nilisimama pale kwa heshima zote. Nje, upepo wa mistral ulikuwa unavuma kiasi cha kumtoa mtu mtandio, na ndio uliovunja safari yangu ya kisiwa cha If, kilicho mbele ya bandari, siku ya pili. Boti zikisimama kwa upepo hakuna wa kulaumiwa, ila usiiweke safari ya kisiwani siku yako ya mwisho.

Nilichokijutia ni chakula cha bandarini. Mkahawa mmoja wenye picha za vyakula mlangoni uliniuzia bouillabaisse, supu ya samaki ya Marseille, kwa bei rahisi, nikaletewa supu ya chumvi na vipande viwili vya samaki wa barafu. Bouillabaisse inayoheshimu jadi huletwa kwa awamu mbili, kwanza mchuzi na mkate uliopakwa rouille, rojo zito la kitunguu thomu, halafu samaki kwenye sahani yao, wa aina kadhaa, akiwemo yule wa miamba mwenye miba. Kwa mtu mmoja hupita euro 50. Ukiona ya 20, agiza kitu kingine.

Siku ya tatu ndiyo nilikula vizuri, tena kwa euro chache. Marseille ina Wangazija, watu wa Komoro, wengi mno, makumi ya maelfu, na wazee wao wa mwanzo wengi walifika wakiwa mabaharia wa meli za Kifaransa. Katika mitaa ya karibu na soko la Noailles niliingia mgahawa mdogo wenye meza nne. Mama mmoja aliyejifunga shiromani, leso ya Kikomoro, aliniletea mataba, yaani kisamvu cha nazi kwetu, na wali. Nilipomlipa akasema, "Marahaba."

Kwao marahaba ni asante. Kwangu mimi ni jibu la salamu ambayo nilikuwa sijaitoa, na nikaona haya, nikasema haraka, "Shikamoo, mama." Akanitazama. Akaniuliza kwa Kifaransa natoka wapi, nikamwambia Unguja. Akavuta kiti, akakaa. Tukaanza kuhesabu vidole, mimi kwa Kiswahili yeye kwa Kingazija: mbili ni mbili, tatu ni ndraru. Akaniambia shangazi wa mama yake aliolewa Unguja na hakurudi tena Ngazija, nikamtajia familia za Kingazija ninazozijua mjini, na mbili alizijua.

Wakati wa kuondoka alinifungia vipande vya mkatra wa siniya, yaani mkate wa sinia kwetu, kwenye karatasi, akakataa pesa. Nilivipeleka Lyon usiku ule. Mdogo wangu alipotia kipande cha kwanza mdomoni aliacha kutafuna, akaniuliza nani kaja kutoka nyumbani.