Duka la miwani lililokataa kutuuzia miwani

Baba yangu ni mwalimu mstaafu wa hesabu, anaishi Igoma, Mwanza. Alianza kugonga bega kwenye miimo ya milango, na tukipita soko la Makoroboi anaparamia meza za machinga. Kushoto tu. Akisoma gazeti, kila akimaliza mstari anahangaika kuupata mwanzo wa unaofuata. Duka jingine mjini lilishamtengenezea miwani ya laki moja na ishirini. Herufi zikang'aa, meza akaendelea kuziparamia.

Hapa, kwenye duka ninaloliandikia, tulipokewa na mpima macho, binti mdogo kabisa. "Shikamoo, Mwalimu," kisha akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo linalotushinda hata sisi wanawe. Ubao wa herufi Baba aliusoma vizuri. Ndipo binti akavuta kiti, wakakaa goti kwa goti, akamwambia afunike jicho moja kwa kiganja na amtazame puani, huku yeye akichezesha vidole pembeni. Upande wa kulia Baba anaviona. Kushoto, hakuna kitu. Wakabadilisha jicho: kushoto tena, hakuna kitu.

"Mwalimu, jicho likiumwa, shida hufuata jicho. Hii yako imefuata upande."

Baba akadai uthibitisho, kama alivyozoea kuwadai wanafunzi. Binti akageuza bahasha, akachora. Kila jicho lina neva (mshipa wa fahamu) yenye nyuzi kama milioni moja hivi zinazokwenda ubongoni. Neva hizo mbili zinakutana katikati, chini ya ubongo, na hapo nyuzi zinazotoka nusu ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) iliyo upande wa pua zinavuka kwenda upande wa pili; za nusu nyingine hazivuki. Matokeo yake, kila kilicho kushoto kwako, macho yote mawili yanakipeleka ubongo wa kulia. Njia inapita kwenye thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo, inaishia kisogoni, na huko ndiko tunakoonea hasa. Ikiharibika baada ya makutano, upande wa kulia, unapoteza kushoto kwa macho yote mawili, hata macho yenyewe yawe mazima.

"Mbona sioni giza?" Baba akauliza. Swali zuri, na mimi nilikuwa nalo. Binti akachora msalaba na, kulia kwake, nukta, kama sentimita nane kati yake. Funga jicho la kushoto, kazia msalaba kwa jicho la kulia, sogeza karatasi taratibu. Ikifika kama sentimita thelathini, nukta inatoweka! Pale neva inapotokea jichoni hakuna chembe za kupokea mwanga, lakini ubongo hauachi tundu jeusi, unajaza weupe wa karatasi. Jaribuni nyumbani. Baba alirudia mpaka wateja wengine wakaanza kuguna.

Miwani hakutuuzia. Alituandikia barua ya kwenda hospitali ya Bugando, akasisitiza twende muda ule ule. Picha ya kichwa ikaonyesha kiharusi kisogoni, kulia. Presha ilikuwa juu na hakuna aliyejua. Sasa yuko kwenye dawa, pikipiki ameambiwa aiache (ugomvi wa hiyo ni habari nyingine), na gazeti analisoma akiwa ameweka rula nyekundu kwenye ukingo wa kushoto, macho yasirudi mpaka yaione. Rula hiyo ni wazo la binti yule yule, tuliporudi kumpa taarifa.

Nawapa nyota nne. Kupima ni elfu kumi, unalipa hata kwa simu. Fremu zao ni ghali kuliko za chini mtaani, na Jumamosi foleni inachosha, heri siku za kazi asubuhi. Nyota ya tano imezuiliwa na ngazi: duka liko ghorofani, ngazi nyembamba, chuma cha kushikia kipo upande mmoja tu, na ukishuka kiko kushoto. Wafunge na cha kulia.