Dhahabu ndani ya jalada la msiba: santuri mpya ya "Back in Black"

Santuri ya "Back in Black" iliyotolewa upya mwaka 2024, katika kuadhimisha miaka 50 ya bendi ya roki ya AC/DC iliyoanzishwa Sydney, Australia, mwaka 1973, ina rangi ya dhahabu, na hilo ndilo jambo pekee linalonikera. Mwimbaji Bon Scott alifariki London tarehe 19 Februari 1980, na kabla ya Julai kwisha wenzake walikuwa wamekwisha kumpata Brian Johnson, wamerekodi Nassau, Bahamas, na mtayarishaji Robert John "Mutt" Lange, na kuitoa albamu hii ya nyimbo 10. Jalada walilifanya jeusi tii kwa kuwa walikuwa matangani. Kuchomoa humo kitu kinachometameta kama pete ya harusi kunanishtua kila mara. Santuri nyeusi ya kawaida ingefaa zaidi.

Sindano ikishashuka, hata hivyo, rangi inasahaulika. Unaanza mlio wa kengele iliyotengenezwa na kiwanda cha John Taylor cha Loughborough, Uingereza, mzito, ukivuta polepole kati ya pigo na pigo, kisha gitaa linaingia chini yake kwa hadhari, kama mtu anayebisha hodi katika nyumba yenye maiti.

Ninachokipenda zaidi kiko upande wa pili. Baada ya nyimbo tano inabidi uinuke, uigeuze santuri kwa mikono yako, na hapo ndipo unapokutana na wimbo uliobeba jina la albamu. Mpiga ngoma Phil Rudd anahesabu kwa matoazi, halafu wapiga gitaa Malcolm na Angus Young wanapiga pigo moja, wananyamaza, wanapiga tena. Uzito wote wa wimbo umo katika kule kunyamaza. Nimeusikiliza kwa miaka mingi kwenye simu, ambako kila kitu kimesogezwa mbele na kusukumwa kwa sauti ileile, nisijue kwamba gitaa la Malcolm lina upande wake na la Angus upande wake, na kwamba besi ya Cliff Williams haijionyeshi popote bali ndiyo inayoshikilia nyumba isianguke.

Ndani mna pia karatasi ya mchoro wa maadhimisho, yenye ukubwa wa jalada. Ni nzuri kwa ukuta. Mwenye nakala safi ya mwaka 1980 hana sababu ya kununua hii, lakini anayeijua albamu kwa njia ya simu pekee namsihi ainunue.

Nilikuwa na wasiwasi na wimbo wa mwisho, kwa sababu karibu na kitovu cha santuri mizunguko ni mifupi na sauti huelekea kukwaruza. Johnson anaanza kwa kusema tu, taratibu, kabla ya kupaza sauti. Nilisogea karibu na spika, na kila neno lilikuwa safi.